Mkanda wa Rumena

Rumena alisimama mbele ya tanuri la mkate kijijini kwao kwa miaka ishirini na sita. Alikuwa mwanamke wa kujivuna, na haki ya kujivuna alikuwa nayo. Soksi za sufu alizofuma zilivaliwa na nusu ya kijiji. Mikanda myekundu ya kuzifungia chini ya goti aliifuma mwenyewe, kama bibi yake alivyomfundisha. Na kila sikukuu ya Mtakatifu Petro, yeye ndiye aliyeongoza kolo, ile ngoma ya duara, akipunga kitambaa mbele ya watu wote.

Mwaka huu miguu ilimgomea. Kila jioni ilivimba na kuwa mizito. Mishipa minene ilijitokeza kwenye vigimbi. Rumena aliifunga majani ya kabichi, akaisugua kwa rakija, pombe kali ya matunda.

"Miguu yako inakunywa kuliko mimi!" alilalamika mumewe, Gradimir. "Kesho itashindwa kurudi nyumbani."

Rumena hakucheka. Dukani jirani yake Desanka alikuwa amemwambia, "Pumzika mwaka huu, dada. Kolo nitaliongoza mimi." Maneno hayo yalimchoma kuliko miguu yenyewe.

Akaenda mjini kwa daktari. Daktari alimpima mapigo ya damu miguuni, akapima na unene wa miguu, kisha akamwandikia soksi maalumu za kubana.

Rumena alizivaa mchana, baada ya kazi, miguu ikiwa imeshavimba. Alihangaika mpaka jasho likamtoka. Soksi zikamteremka. Basi akakunja ncha za juu, akazifunga kwa mikanda yake myekundu, kama alivyofundishwa tangu utotoni.

Siku ya nne miguu ilikuwa minene zaidi. Chini ya goti palikuwa na alama nyekundu iliyodidimia. Akazitupa soksi kapuni.

Alhamisi alikuja Persida, muuguzi anayezunguka vijijini. Aliitazama ile alama.

"Shangazi, nani kakufunga kama gunia la viazi?"

"Chunga mdomo! Huo ni mkanda alionifundisha bibi yangu."

"Bibi yako namheshimu. Lakini nisikilize. Damu kushuka mguuni ni rahisi. Kazi ni kupanda kurudi moyoni. Ndani ya mishipa kuna vilango vinavyoizuia isirudi chini. Vyako vimelegea. Soksi inaisaidia damu kupanda. Wewe umeifungia njia kwa mkanda!"

"Soksi ni soksi tu, mwanangu."

"Wewe si fundi? Ivute. Kwanza kifundoni, halafu juu."

Rumena akaiokota soksi kapuni. Akaivuta kwa vidole vyake vilivyofuma miaka hamsini. Kifundoni ilikaza sana. Kadiri alivyopanda, ndivyo ilivyolegea kidogo kidogo. Akarudia tena.

"Aliyeifuma hii," alisema polepole, "kazi anaijua."

"Sasa tumeelewana," alisema Persida. "Vaa asubuhi, kabla hujashuka kitandani. Vaa glavu za mpira, zitakusaidia kuishika. Igeuze ndani nje mpaka kisiginoni, ingiza mguu, kisha ipandishe taratibu. Usiache mikunjo. Usikunje juu. Ukienda kulala, vua. Ifue kwa mkono, ianike kivulini."

"Juu ya jiko je? Hukauka haraka."

"Jiko litaiua! Na utembee, na ukikaa inua miguu. Vilango vilivyolegea havitapona, lakini uvimbe utapungua. Mguu mmoja ukivimba ghafla na kuuma, nenda hospitali siku hiyohiyo. Na usimwazime mtu soksi zako. Kila mtu apimwe kwanza, maana kuna miguu ambayo soksi hizi huidhuru."

"Na mkanda wa bibi?"

"Utafutie kazi nyingine."

Zilibaki wiki tatu kabla ya sikukuu. Rumena alifuata kila neno. Wiki ya pili viatu vyake vya ngoma vilimwingia bila kusukumwa. Gradimir akarudisha chupa yake ya rakija kabatini akiimba.

Siku ya Mtakatifu Petro, Desanka alifika uwanjani na kitambaa kipya mkononi. Alipoiona miguu ya Rumena akacheka kwa sauti.

"Soksi za hospitali kwenye kolo!"

Rumena akainua upindo wa sketi ili watu wote waone.

"Ndizo hizi. Nifuateni!"

Mkanda mwekundu aliufungua kiunoni, akaupunga hewani. Ngoma ikalia. Alizunguka uwanja mara moja, mbili, tatu, na kijiji kizima kikamfuata. Gradimir alijifuta machozi hadharani, na hakujali. Rumena alijiona mrefu kuliko mnara wa kanisa.

Ngoma ilipotulia, Desanka alikaa pembeni akijikanda kifundo cha mguu. Akamvuta Rumena karibu.

"Dada," alinong'ona, "yule daktari wako... anapima saa ngapi?"

Rumena angeweza kumcheka. Badala yake akaketi kando yake.

"Asubuhi," alisema, "kabla miguu haijavimba. Nitakusindikiza."