Alama ya Kutoa

"Nyuki, uko ndani?"

"Ndani, Mkuu," alijibu kwenye redio.

Mlinzi wa ofisi alikuwa amefungwa kamba chini ya meza. Nyuki aliweka bastola yake ya Glock kando ya kompyuta na kufungua tovuti ya siri ya wauza silaha, ya aina ya wiki, ambayo kila mmoja wao aliandika humo apendavyo. Kurasa zilikuwa maelfu.

Mahali fulani humo palitajwa ghala lenye bunduki. Na mdogo wake, jasusi aliyejifanya dereva wao, alikuwa hajasikika tangu jana.

Akatafuta: ghala.

Matokeo yalifurika. Madereva wale walikuwa na midomo! Kila safari porojo, kila ghala matusi. Nyuki akaweka alama ya kutoa mbele ya neno dereva, kurasa zote zenye neno hilo zikaondoka. Akapumua.

Kisha akafuta neno ghala, akaandika mahali pake, ndani ya alama za kunukuu, maneno ambayo mama yao aliwapigia kelele kila jioni: "funga mlango kuna upepo". Walikubaliana, atakayebanwa ayaandike popote.

Hakuna matokeo.

Akajaribu vichwa vya kurasa. Hakuna. Matoleo ya zamani. Hakuna.

"Mkuu, hakuandika kitu."

"Umezuia neno lolote?"

Nyuki akatazama kisanduku cha kutafutia. Alama na neno dereva bado vilikuwa humo.

Akafuta ile alama ya kutoa.

Tokeo moja.

"Mimi dereva wa lori jekundu. Jamani, funga mlango kuna upepo. Mzigo uko kiwanda cha zamani cha sabuni."

Aliandika alfajiri. Chini yake msimamizi wa tovuti alikuwa amejibu: "Dereva huyu tumeshammaliza."

Jibu lilikuwa la dakika mbili zilizopita. Liliandikwa wakati Nyuki akihangaika na vichwa vya kurasa.

"Kiwanda cha sabuni," alisema.

Nusu saa baadaye redio ikakoroma.

"Tumewanasa. Bunduki zote. Kazi safi, Nyuki."

"Na dereva?"

"Pole, dada yangu."

Nyuki mwenyewe ndiye aliyemwondoa kwenye matokeo, kwa kidole chake, ili apunguze kelele. Mama angeuliza, na angejibiwa nini?

Akachomeka bastola kiunoni, akavaa miwani, akashuka ngazi bila haraka kama mtu aliyemaliza zamu.

Mlango aliuacha wazi.