Kiti Kikavu

Mvua ilikuwa imelowesha koti la Nasuru, kofia yake, tangi la mafuta, na hata chai aliyokuwa akinywa kibandani kwa mama muuza chai, Ayikoru, kando ya barabara ya kutoka Arua kwenda Koboko. Kitu kimoja tu hakikulowa. Nusu ya nyuma ya kiti cha pikipiki yake ilikuwa kavu, imebonyea kidogo, na matone yalikuwa yakiikwepa.

Nasuru alipoona hivyo alitabasamu. Usimcheke. Kiti kile cha nyuma kilikuwa cha kaka yake Tahiru, na Tahiru alikuwa amekufa.

Ulikuwa mwaka wa 1987, watu wa West Nile, Uganda, wakirudi kutoka ukimbizini na kuzikuta nyumba zao zimemezwa na nyasi. Tahiru, askari wa zamani aliyepoteza mkono wa kulia vitani mwaka wa 1979, alikuwa amefia Bunia na kuzikwa huko huko ugenini. Mama yao, Mariam Poni, aliapa kwamba hatalala vizuri mpaka mwanawe alale Koboko. Basi Nasuru akapanda pikipiki peke yake mpaka Bunia, akachota udongo wa kaburi, akaufunga kifuani kwa leso ya mama, akageuza. Alipita milima ya Kongo ambako ukungu haulipishi jua, baridi ikamtoboa mifupa, na njia nzima hakukutana na mtu ila nyani na nyumba zisizo na paa.

Ukoo wao ulikuwa na desturi yake. Anayemrudisha marehemu nyumbani humwachia nafasi ya kukaa, na kwenye kila mto humwita kwa jina, maana wafu hawavuki maji bila kuitwa. "Tahiru, mutoto ya Mariam Poni, tunavuka. Panda, twende." Shehe angemwambia huo ni ushirikina, lakini shehe hakuzaliwa na Mariam Poni. Nasuru aliita kwenye kila mto, na siku zote kiti kikawa kinalowa tu. Leo, tangu alipovuka kijito cha asubuhi, pikipiki ilikuwa imekuwa nzito. Kaka amejionyesha! Kwa furaha Nasuru alimsimulia njia nzima: nyumba mpya iko nyuma ya msikiti, mlango wake ni wa buluu, usibishe hodi, wewe ingia tu, Mama anakungoja na macho yake siku hizi yamefifia.

Ayikoru alimwinamia kana kwamba anamwongezea sukari.

"Ndugu," alinong'ona, "ule mwenzako hapana kunywa chai?"

"Wewe unamwona?" Nasuru alikaribia kumkumbatia. "Ni kaka yangu. Tunarudi nyumbani."

"Na kwa nini anashika kiti na mikono mbili, kama mutu anaogopa kunyang'anywa?"

Chai ilimmwagikia Nasuru mapajani, asiusikie moto wake. "Mikono mbili?"

"Mbili. Na iko harufu ya majivu, majivu ya maji. Wewe hapana kusikia?"

Sasa aliisikia. Akakumbuka kijito cha asubuhi, pale karibu na boma lililoungua, jinsi midomo ilivyokuwa imekakamaa kwa baridi na jinsi alivyokuwa na haraka ya kufika. Kawia ufike, tunaambiwa tangu utotoni, na hatusikii. Pale hakutaja jina. Alisema tu, "Panda, twende."

Alipomweleza Ayikoru, mama yule aliweka birika chini polepole.

"Rudi," alisema. "Mushushe pale pale alipandia. Halafu ita ndugu yako, iko pale kwa maji anangoja. Na huyu akikuuliza jina, hapana jibu. Hiyo kitu haina jina. Ikipata jina ya ndugu yenu itakaa nayo, na ndugu yenu atabaki mutupu."

Nasuru hakutaka kupanda pikipiki ile. Nani angetaka? Lakini alimfikiria kaka yake amesimama kando ya maji, mvuani, na mkono wake mmoja, akipiga mahesabu kwa nini mdogo wake amemwacha, na huruma ikaishinda hofu.

Alipowasha tu, mikono miwili ilimzunguka kiunoni, baridi kuliko mvua, na barabara ikaanza kurefuka mbele yake, nyasi ndefu zikiinama huku na huku, ukungu ukishuka mchana kweupe, harufu ya majivu ikimjaa puani mpaka ikawa ladha mdomoni, na nyuma ya sikio lake, karibu kabisa, sauti isiyokuwa ya mwanamume wala ya mwanamke ikamwuliza kwa upole, "Ndugu, jina yangu iko nani?" naye akauma ulimi, akaongeza mafuta, na ile ikauliza tena, ikauliza kwenye kila kona na kila shimo, sasa ikilia kama mtoto, sasa ikicheka, mpaka damu ikamjaa Nasuru mdomoni na maji ya kijito yakaonekana.

Alisimama. "Wewe nisiyekujua," alisema kwa sauti iliyokatika, "shuka."

Mikono ikalegea. Pikipiki ikainuka. Kando ya barabara nyasi zikafunguka moja kwa moja kuelekea kaskazini, na Nasuru, kwa kuwa kile kitu kilikuwa kinaondoka, hakujiuliza kinakwenda wapi.

Aligeukia maji. "Tahiru, mutoto ya Mariam Poni, tunavuka. Panda, twende."

Uzito uliokuja ulikuwa mdogo, wa mtu aliyekufa kwa njaa. Mkono mmoja, wa kushoto, ulimshika begani. Nasuru akalia kama mtoto, na hakuona haya.

Walifika Koboko jua likizama. Mariam Poni alikuwa amesimama kwenye mlango wa buluu, anacheka, jambo ambalo hakulifanya tangu walipokimbia.

"Mbona wewe umechelewa hivi?" alimwambia. "Mwenzako amefika zamani!"

"Nani, Mama?"

"Sasa utauliza nani! Aliingia bila hodi, akakaa kwa moto yangu. Baridi imemwingia sana, mutoto yangu. Hata jina yake amesahau."

Nasuru alizima pikipiki. "Mama. Hukumwambia, sivyo?"

"Nimnyime jina na mimi ndiye nilimpa?" Mama alimkaribia, akashusha sauti, machozi ya furaha yakimtiririka. "Na Mungu iko mkubwa, Nasuru. Ananishika na mikono yote mbili. Yote mbili!"

Harufu ya majivu ilitoka mlangoni, ikawapita, ikatanda uani. Begani mwa Nasuru ule mkono wa kushoto ulikuwa bado umemshika. Sauti aliyoijua tangu alipokuwa akibebwa mgongoni ilimwuliza taratibu, kwa aibu, "Ndugu, jina yangu iko nani?"

"Tahiru," alisema Nasuru. "Wewe ni Tahiru."

Na ndani ya nyumba, mtu akaitika, "Naam."