Mdokezi wa Upande wa Kushoto

Aliyekisimulia kisa hiki kwanza ni Mama Mkubwa, dada wa mama yetu, Jumapili moja mchana, mwaka wa thelathini na mmoja tangu kitokee. Tulikuwa watano, ndugu wa tumbo moja, tukifungasha vyombo vya kuhamia nyumba nyingine, naye akakuta sandukuni kitabu kilichochanwa ukurasa mmoja. Akakaa chini. Alisimulia mara moja tu, hakurudia, na hakutaka kukatizwa.

Wakati wa kisa chenyewe hakuwa bado Mama Mkubwa wa mtu. Mtaa mzima ulimwita Mdokezi, kwa sababu ndiyo iliyokuwa kazi yake: kukaa nyuma ya pazia na kitabu cha mchezo mapajani, na kumnong'oneza neno mwigizaji aliyesahau.

Mtaa ule ulikuwa na kumbi tano za maonyesho, zimepangana kama meno. Kila Ijumaa gazeti lilitoa orodha ya michezo inayofaa kutazamwa, na watu walikuja na karatasi ile mkononi kama waendao sokoni. Kwenye ukumbi mkubwa wa milango ya vioo palikuwa na malkia mwenye wachezaji arobaini na mvua ya kweli iliyonyesha jukwaani, hata walioketi mbele wakafungua miavuli. Ukumbi wa pili, ndugu wawili walishtakiana kwa ajili ya nyumba, na watazamaji ndio waliopiga kura nani ashinde, basi kila siku mchezo uliisha kivyake na watu walitoka wakigombana kweli. Kwenye ukumbi wa tatu bwana mmoja aliigiza ukoo mzima, tangu babu hadi kitoto kichanga, kwa kubadilisha kofia tu. Wa nne ulikuwa umefungwa kwa matengenezo. Wa tano, mdogo na mkongwe kuliko zote, ulikuwa na mke wa mlinzi wa mnara wa taa, aliyemngoja mumewe huku akisema peke yake kwa saa moja na nusu. Gazeti halikuwahi kuutaja.

Mke yule aliigizwa na mdogo wake Mdokezi, kitindamimba wao, aliyeitwa Kinda. Mama yao alifariki Kinda akiwa na miaka tisa. Dada ndiye aliyemlea na kumfundisha kusoma, na hatimaye ndiye aliyemtia jukwaani. Kinda alikuwa na sauti ya kumtoa nyoka pangoni, lakini kichwa chake kilivuja. Kila siku, sehemu ya tatu, alipofika penye barua ambayo mke yule huisoma kwa sauti, alikwama.

Mdokezi alikaa kwenye kiti cha mbao, mkono wa kulia wa Kinda, na taa ndogo yenye kifuniko. Mzee aliyemrithisha kiti kile alimwachia makatazo mawili. La kwanza: toa neno la mwanzo tu, usimmalizie mtu usemi wake. La pili: ukumbi mtupu hausemezwi.

Jumatano moja asubuhi aliamka na mafua, sauti imekauka. Wakaanza mazoezi hivyo hivyo. Kinda akafika penye barua, akakwama. Mdokezi akafungua kinywa, hewa tu ikatoka.

"Mdokezi kapatwa na mafua!" akasema Mwongozaji, mtu wa tumbo kubwa na subira ndogo. "Sasa nani atadokeza? Paka?"

Watu wakacheka. Mdokezi naye akacheka, na kwa utani, kwa mnong'ono ule wa kukwaruza uliobaki, akavigeukia viti vitupu vilivyokuwa gizani, akasema: "Jamani, mwenye sauti na anisaidie."

Kinda akaendelea na barua, bila kukosea hata silabi.

Wakati wa mapumziko alimletea dadake maji ya moto. "Ahsante, dada. Nilidhani huna sauti."

"Sina."

"Si umenipa neno?"

"Sikukupa kitu."

Kinda akacheka, akainamisha kichwa kidogo upande wa kushoto, kama mtu anayetoa maji sikioni. "Haya. Basi mafua yako yana adabu."

Upande wa kushoto wa jukwaa hapakuwa na kiti wala mlango. Palikuwa na ukuta.

Tangu siku ile Kinda hakusahau tena. Sauti ya Mdokezi ilirudi Ijumaa, lakini haikuwa na kazi. Alifuata mistari kwa kidole, na kila ilipokaribia barua aliona kichwa cha mdogo wake kikiinama kidogo upande wa kushoto, halafu maneno yakamiminika. Na kila mara ilipita harufu ya mshumaa uliozimwa sasa hivi, katika jengo ambalo halikuwashwa mshumaa tangu liwekwe umeme.

Wiki ya pili gazeti likaja. Mwongozaji alikibandika kipande kile mlangoni: *Ukiwa na siku moja tu mjini, katazame mke wa mlinzi wa mnara. Hakuna neno linalotafutwa. Ni kama anaambiwa.* Mstari wa watu ukafika hadi kwenye milango ya vioo ya jirani.

"Mwanamke, unaona?" Mwongozaji alimwambia Mdokezi. "Mdogo wako ameiva. Wewe sasa ni pambo."

Asubuhi ile nyumbani Mdokezi alikuwa amemuuliza Kinda swali la kila siku, "Chai nikutilie sukari?" na Kinda hakujibu. Aliinamisha kichwa kushoto. Akangoja. Kisha akasema, "Nitilie, dada," kwa sauti iliyonyooka mno.

"Kinda, ulikuwa unasikiliza nini?"

Kichwa kikainama. Akangoja. "Sisikilizi kitu, dada."

Siku ya tatu baada ya hapo alikuwa hasemi lolote bila kuinama kwanza, hata jina lake alipoulizwa, hata alipojigonga kidole mlangoni: damu ikatoka, macho yakajaa machozi, kichwa kikainama, ndipo akalia "Aa!" Mtoto ambaye Mdokezi alimlea hakuwa tena na kilio chake mwenyewe.

Alhamisi, kabla ya onyesho la saa tisa alasiri, aliingia ukumbini peke yake. Nje jua lilikuwa kali na wauza tiketi walikuwa wanabishana mpira. Ndani, mlimokosa dirisha, mlikuwa na giza kama la tumboni. Akavuka jukwaa, akafika kushoto, akaweka sikio ukutani.

Mwanzoni alisikia moyo wake. Kisha akasikia mchezo. Mtu alikuwa akiusoma ndani ya ukuta, taratibu, bila kupumzika, tangu neno la kwanza, na Mdokezi, aliyekijua kitabu kile kama kiganja chake, akaanza kufuata bila kutaka, akatambua ya kwamba sauti ile haikuvuta pumzi mahali popote, wala penye nukta wala penye aya, na harufu ya mshumaa ikawa inapanda kutoka sakafuni ikimwingia puani na kooni, na nywele za kisogoni zikamsimama kwa sababu sauti aliyokuwa akiisikia, ile nyororo, ya chini, yenye mkwaruzo mdogo mwishoni mwa kila neno, ilikuwa sauti yake mwenyewe. Ikafika penye barua. Ikanyamaza. Halafu, karibu sana, upande huu wa ukuta, ikasema:

"Ulisema nikusaidie."

Hakukumbuka alivyofika barabarani. Fundi wa mavazi wa ukumbi wao alimkuta amekaa ukingoni mwa njia, kiatu kimoja mguuni.

"Umeona nini, mwenzangu?"

"Sikuona."

Fundi wa mavazi, mama mwenye sindano kwenye ukosi daima, hakuuliza tena. Alimshika mkono, akampeleka nyumba ya tatu nyuma ya kumbi, kwa mganga. Alikuwa mwanamke mwembamba, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, na alisikiliza kisa chote huku akichambua pamba.

"Nani alimwita?"

"Sikumwita, bibi. Nilitania."

"Majini hayajui utani, mwanangu. Ulisema mwenye sauti akusaidie. Kakusaidia. Unamlaumu kwa lipi?"

"Anammaliza mdogo wangu!"

"Anaingilia penye pengo. Mtu akikwama, kati ya neno na neno pana pengo, na ninyi pale kazi yenu ni kuliziba. Amejifunza kwenu." Akasokota vipande viwili vya pamba, akavichovya kwenye kichupa. "Mtie hivi masikioni. Vinamzuia asiye mtu. Sauti ya mtu itapita. Atakwama. Mbele ya watu, pale pale alipoalikwa huyo mgeni. Na wewe utakaa kitini mwako, hutatoa neno."

"Kwa muda gani?"

"Mpaka mtoto aseme lake mwenyewe, kutoka kwake."

"Na asiposema?"

Mganga akamtazama juu ya miwani. "Akimkosa yeye, atakujia wewe, autumie mdomo wako. Ukitoa hata neno moja, umemwalika mara ya pili. Mara ya pili hatoki."

Jumamosi alasiri ukumbi ulijaa hadi watu wakaegemea kuta. Mdokezi alimtia Kinda pamba kabla ya pazia kufunguliwa. Kinda alimtazama tu, kichwa kimeinama, hana la kusema. Sehemu ya kwanza na ya pili zilipita kwa mazoea ya ulimi. Ya tatu ikaingia. Kinda akaichukua barua mezani, akaifungua, akainamisha kichwa kushoto.

Akangoja.

Akainama zaidi. Barua ikaanza kutetemeka mkononi.

Kimya cha jukwaani si kama kimya kingine. Mdokezi alikuwa ameishi miaka kumi na mmoja kwa kukiua kila kilipozaliwa, na sasa alikaa akikitazama kikikua. Mtu akakohoa. Kiti kikalia. Mwongozaji akatokea nyuma yake, jasho linamtiririka.

"Mpe neno," akanong'ona. "Mpe! Umelala? Mwanamke, mpe neno!"

Hakugeuka. Harufu ya mshumaa ikaja, nzito, ikamzunguka shingoni kama kitambaa, na sikioni mwake sauti yake mwenyewe ikasema, kwa upole, neno la kwanza la barua. Mpe, ikasema, ni neno moja tu, ndiyo kazi yako, tazama anavyotetemeka, watu wanamcheka, hutaona haya, wewe uliyemlea. Na Mdokezi alipozidi kufunga kinywa, sauti ile ikabadilika, ikawa ya mama yao, vile vile alivyosema siku ya mwisho kitandani, pumzi fupi fupi, Mwanangu nilikuachia mtoto, mbona unamtazama anazama na kamba unayo mkononi, na Mdokezi akahisi taya lake likishuka lenyewe, ulimi ukijipanga nyuma ya meno, neno likipanda kooni kama matapishi, na kwa kuwa hakuwa na namna nyingine alikamata ukurasa ule wa barua, akauchana kitabuni, akaukunja, akajishindilia kinywani wote, akatafuna.

Jukwaani Kinda alikuwa ameacha kuinama. Kichwa kilikuwa kimenyooka, macho yamemtoka, kinywa kinafunguka na kufumba. Akageuka. Hakugeuka kushoto, aligeukia kulia, penye taa ndogo na kiti cha mbao.

"Nimesahau," akasema.

Sauti ilikuwa mbovu, ya kukwama, ya mtoto wa miaka tisa.

"Dada, nimesahau. Nimesahau yote."

Kisha akalia, na kilio kilikuja kabla ya kitu kingine chochote.

Mdokezi alikiona kilichofuata kwa sababu alikuwa upande wa pili. Pazia la kushoto lilivimba, likanywea. Halafu kwenye njia ya kushoto, mstari hadi mstari, kila aliyeketi pembeni aligeuza kichwa, mmoja baada ya mwingine, kama watu wanaoguswa bega na mtu anayetoka, hadi mstari wa mwisho. Mlango wa nyuma ukafunguka, mwanga wa jua ukaingia, ukafungwa. Watu wakapiga makofi. Walidhani ndiyo mwisho mpya.

Mwongozaji aliwafukuza wote wawili siku ile ile, Mdokezi bado ana karatasi kwenye meno. Ijumaa gazeti liliutoa mchezo kwenye orodha. Lilisema mwigizaji mkuu alipoteza kumbukumbu.

Hapo ndipo Mama Mkubwa alipokifunga kitabu. Akatwambia jambo moja tu la nyongeza: "Mama yenu akizeeka akaanza kusahau, mwacheni asahau. Akikwama, msimpe neno. Ngojeni." Maana Kinda ndiye mama yetu.

Naandika nani yuko na nani hayuko. Mwongozaji alifariki mwaka wa sita baada ya tukio, kwa moyo. Fundi wa mavazi alifuata mwaka wa tisa. Mganga hatuna habari zake. Nyumba yake sasa ni duka la miwani, na ukumbi ulibomolewa. Mama Mkubwa alifariki mwaka juzi, mwezi wa pili, siku ya Jumanne, na kitabu ninacho mimi.

Mama yu hai, ana miaka sabini na minne. Miaka mitatu iliyopita alianza kusahau, majina yetu kwanza, kisha majina ya vitu, nasi tulishika usia: alipokwama tuliketi mbele yake, tukangoja, hata ikiwa robo saa, na mara nyingi alisema tu, "Nimesahau," akacheka, nasi tukashukuru.

Tangu mwezi uliopita hasahau tena. Daktari anatupongeza. Hutaja jina la kila mjukuu, na siku ya kuzaliwa kwake, kwa sauti iliyonyooka. Kabla ya kujibu huinamisha kichwa kidogo. Sisi watoto wake watano sote tu hai, na hakuna hata mmoja anayekubali kuketi kushoto kwake.