Kitambaa Chekundu cha Pijo

Kila Jumapili, ibada ikishakwisha na ugali ukishaliwa, Ezekia alivua koti lake la kanisani, akavaa ovaroli na kuingia kwenye banda la mabati nyuma ya nyumba yake, pale Njombe mjini. Humo ndimo ilimokaa Pijo 404, gari kuukuu alilolinunua likiwa mkweche mtupu, kuku wakitagia ndani yake. Ilikuwa miaka ile biashara huria iliporuhusiwa, magari ya Japani yakaanza kupita barabarani yaking'aa. Majirani walishangaa kumwona mtu mzima akihangaika na chuma cha zamani. "Huyo kaoa gari," walisema. Ezekia alicheka nao, kisha akaendelea kusugua kutu. Kipuri kimoja leo, kingine baada ya mavuno, vyote alivipata kwa Mzee Nasiri, muuza vipuri wa Makambako.

Telesia, binti yake wa darasa la sita, hakuwa na habari na gari lile. Mambo yalibadilika alipokuja Devotha, mtoto wa shangazi yake wa Ludewa, kule ziwani. Alikuja kukaa nao ili asome.

"Mjomba, hiki kinafanya kazi gani?" Devotha aliuliza siku ya kwanza, na tangu hapo hakubanduka bandani. Telesia, akiosha vyombo uani, alisikia yote. "Devotha, lete spana! Devotha, shika hapa! Lo, mtoto huyu ana mkono!" Kila sifa ilimchoma. Yeye alipokuwa wa tatu darasani baba alisema tu, "Vizuri." Leo mtu kashika spana, anaimbiwa! Kwani baba ni wa nani?

Sasa, baridi ya Njombe si mchezo. Mwezi wa Juni na Julai sakitu hutanda nyeupe juu ya majani, na maji yakiganda ndani ya injini huipasua. Kwa hiyo kila jioni Ezekia alifungua koki ya rejeta, tangi la maji ya kupozea injini, akamwaga maji yote, kisha akafunga kitambaa chekundu kwenye usukani.

"Kitambaa kikiwapo, injini ni kavu," alifundisha. "Anayetia maji ndiye anayekitoa. Mwingine asikiguse, hata awe mchungaji!" Kazi hiyo baadaye alimkabidhi Devotha.

Ijumaa moja ya Julai, injini ikiwa imeshakubali kunguruma, Ezekia alitangaza mezani, "Kesho tunakwenda Makambako. Mzee Nasiri anatungoja aone matunda ya vipuri vyake. Devotha atakaa mbele na..."

Telesia hakungoja mwisho. Alisukuma sahani, akatoka. Mbele! Mtu wa kuja akae mbele, na mwenye baba akae nyuma kama gunia la viazi!

Alfajiri alitangulia bandani, akakifungua kile kitambaa na kukitia mfukoni mwa sweta, kisha akajibanza nyuma ya mlango. Hesabu yake ilikuwa rahisi. Baba hukagua rejeta kila mara. Leo ataikuta kavu, kitambaa hakipo, na Devotha ataonekana mzembe. Atafokewa kidogo, basi.

Devotha akaja na ndoo ya maji. Alipoona usukani mtupu alitabasamu. "Kumbe mjomba ameniwahi," alisema, akatoka kuyarudisha maji kwenye pipa la uani. Kabla hajarudi Ezekia akafika, naye akatazama usukani. Telesia alisubiri afunue boneti.

"Devotha amekwisha kutia maji," Ezekia alijisemea, akaketi. "Huyu hakosei."

Maneno hayo yalimuuma Telesia kuliko yote yaliyotangulia, akafunga mdomo. "Wewe Telesia, njoo huku," baba aliita, Devotha akiwa amesharudi na kuketi mbele. Telesia akajitokeza, akajifanya hasikii, akaingia nyuma na kubamiza mlango.

Pijo ikatoka mjini kwa madaha. Watu walipunga mikono, baba akapiga honi, Devotha akacheka. Telesia alikifinyanga kitambaa mfukoni. Aseme? Akisema ataonekana mtu mbaya. Asiposema je? Walipoanza kupanda mlima, harufu ya chuma kinachoungua ikaingia ndani, kisha moshi.

"Baba, simama! Simama! Haina maji!"

Ezekia alizima injini, akaliacha gari lisogee pembeni. Aligeuka polepole. "Umejuaje?"

Telesia akakitoa kitambaa huku analia. "Nilitaka umgombeze Devotha."

Ezekia alishuka, akakaa kwenye nyasi. Ni Devotha aliyeuliza. "Nilikukosea nini, Telesia?"

Lori la mbao liliivuta Pijo mpaka nyumbani, na majirani wakapata la kusema. Gasketi ya silinda hedi ilikuwa imeungua. Ezekia hakumchapa binti yake. "Utakwenda Makambako kwa basi, wewe na Devotha," alimwambia. "Wewe mwenyewe utamweleza Mzee Nasiri imeungua vipi."

"Kamwene, mabinti!" Mzee Nasiri aliwapokea dukani kwa salamu ya wenyeji.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Jumamosi niliingojea Pijo mpaka adhana ya alasiri."

Mbele ya wateja Telesia alieleza yote. Mzee Nasiri alisikiliza, kisha akashusha gasketi kutoka rafu ya juu.

"Hasidi hana sababu, mwanangu," alisema. "Hii ninayo, chukueni. Lakini ukivunja imani ya baba yako, kipuri chake sina mimi, na Dar es Salaam hakipo."

Jumapili iliyofuata Ezekia aliuliza bandani, "Nani atakwangua mabaki ya gasketi?"

"Mimi, baba."

"Wewe? Si ulisema oili inanuka?"

Telesia akashtuka. Kweli! Kabla Devotha hajaja, baba alimwita mara nyingi, naye alijibu, "Baba, nitanuka oili kanisani."

"Nafasi hii ilikuwa yako," Ezekia alisema. "Ulipoikataa hukuumia. Ulipoiona mikononi mwa mwenzako ndipo ikakuuma. Wivu ndivyo ulivyo, mwanangu. Ukitaka kitu, njoo ushike spana."

Akashika. Jumapili ile nyingine aliimba kwaya akiwa na kucha nyeusi, na hakuzificha.

Siku ya safari Devotha alimpa ndoo. "Tia wewe," alisema. Telesia akatia maji mpaka yakafurika, ndipo akafungua kitambaa. Kisha akaelekea mlango wa nyuma.

"Unakwenda wapi?" baba aliuliza.

"Nyuma. Devotha anakaa mbele."

"Hebu njoo uone." Ezekia alifungua mlango wa mbele, alikokwisha kuketi Devotha. Gia ya Pijo ilikuwa juu, kwenye usukani, na kiti cha mbele kilikuwa kimoja kirefu kama benchi la kanisani. Telesia hakuwahi kukitazama sawasawa.

"Siku ile nilitaka kusema, Devotha atakaa mbele na Telesia," baba alisema. "Hukungoja nimalize."

Devotha akasogea, Telesia akaingia.