Mtangazaji wa Uwanja Mtupu

Wavu wa goli la upande wa vyoo ulitikisika, na uwanjani hapakuwa na mpira wala mtu. Hata upepo haukuwepo. Bendera ya kona ilikuwa imelala kwenye mti wake.

"Umeona?" Radi aliuliza kwenye kipaza sauti.

"Nione nini? Endelea, bado nakuweka sawa," fundi wa sauti alimjibu kutoka kwenye gari la matangazo.

Radi ni jina alilopewa na mashabiki, na alilipenda kuliko lile alilopewa na baba yake. Kwa miaka mingi alikuwa sauti ya ligi kuu kwenye televisheni ndogo ya michezo ya kanda ile, televisheni yenye gari moja la matangazo na kamera za kubembelezwa ili ziwake. Msimu huo televisheni kubwa ilikuja ikanunua haki za kurusha ligi kuu, tena haki pekee, maana yake mwingine akichungulia tu uwanjani na kamera yake ni mwizi. Wadogo wakaachiwa ligi ya daraja la pili, inayochezwa kwenye kiwanja chenye kipara, hakina hata jani moja la nyasi. Kibaya zaidi, wakubwa walimchukua mtangazaji msaidizi wa Radi, wakamwacha Radi mwenyewe. Tangu siku hiyo Radi alimwita Kasuku, kwa sababu kila neno alilokuwa akilisema hewani alikuwa amelikariri kutoka kwa Radi.

Sasa, watangazaji wa mpira wana kawaida yao. Kabla ya mechi, fundi wa sauti hutaka mtangazaji apige kelele kama atakavyopiga goli likiingia, ili sauti isije ikapasuka hewani. Kwa hiyo mtu hukaa kibandani akatangaza mechi ya kubuni kwenye uwanja mtupu. Siku nyingine Radi aliwapanga mashemeji zake, akamweka mama mkwe golini, na fundi alicheka mpaka akafuta machozi. Siku ile hakuwa na mzaha. Ng'ambo ya mji, saa ileile, Kasuku alikuwa anafungua ligi kuu. Kijiba cha roho kilimkaba Radi. Akautazama uwanja mtupu, akasema kwa sauti nzito:

"Mechi hii ni yangu. Haki zote nimepewa mimi. Na mimi ni wa mechi hii peke yake, sina mwingine."

Kisha akampa mpira winga asiyekuwepo, winga akamimina krosi, akaita goli. Hapo ndipo wavu ulipotikisika. Mdomo uliponza kichwa, lakini kichwa chenyewe hakikujua bado.

Muda si muda kibanda kilijaa harufu ya majani mabichi yaliyotoka kukatwa. Kwenye vifaa vya masikioni alisikia umati ukivuta pumzi, umati mkubwa, ilhali mageti hayajafunguliwa. Radi aliinusa ile harufu na kuusikiliza ule umati, na badala ya kuogopa, akajisikia mwenye bahati.

Mechi yenyewe ilikuwa butu, lakini sauti iliyotoka siku ile haikuwa ya kawaida. Watazamaji wa televisheni kubwa walipigiana simu wakaambiana wahamie huku. Mkurugenzi alimkumbatia mbele ya wafanyakazi wote. Radi aliwaza jambo moja tu, kwamba Kasuku ameambiwa, na kwamba limemuuma.

Nyumbani alimkuta mkewe, fundi cherehani, sebuleni na kazi zake, binti yao mdogo akichezea vipande vya vitambaa.

"Leo umewafunika," mkewe alisema bila kuondoa mguu kwenye cherehani. "Haya, simulia. Au ushakuwa mkubwa, huongei na sisi?"

Radi alifungua mdomo. Hakikutoka kitu, hata mkwaruzo.

Mkewe alicheka, akampa maji ya uvuguvugu na chumvi. Kesho yake bado. Wiki ikapita, mechi nyingine ikaja, na sauti ikamwagika hewani kuliko mwanzo. Aliporudi nyumbani akawa bubu tena. Mke gani angevumilia?

"Unamwachia nani hiyo sauti?" alimuuliza kwa upole wa kutisha. "Niambie tu ni nani. Hewani unabubujika, ukifika kwangu unakauka. Huyo mwanamke anakulisha nini?"

Radi alichukua chaki ya kukatia nguo, akaandika kwenye kitambaa cha mteja: SIWEZI. Mkewe alikitazama kile kitambaa, akanuna kwa ajili ya kitambaa na kwa ajili ya neno lenyewe.

Alfajiri moja mkewe aliamka akanusa majani mabichi. Alipapasa shuka upande wake, akakuta limelowa umande. Alipowasha taa aliona udongo, vishimo vidogovidogo vya njumu vimepangana kuanzia kwenye mto wake hadi miguuni, kana kwamba mtu alikuwa akipiga mazoezi pale alipolala. Upande aliolala Radi ulikuwa safi, shuka limenyooka vizuri. Hapo mkewe aliacha kumtafuta mwanamke.

Mechi iliyofuata alimfuata mumewe kibandani akaketi nyuma yake. Radi alitangaza vizuri, jasho likimtoka, hadi katikati ya kipindi cha kwanza, alipopata wazo ambalo mtangazaji yeyote angelipata, kwamba kama sauti inatoka kwa ajili ya mechi basi amchomekee mkewe ndani ya mechi. Mpira ulipotoka nje akasema harakaharaka, "Na salamu zimwendee mama watoto wangu, nampenda sana," na papo hapo vifaa vya masikioni vikapiga ukelele, na ule umati ambao haukuwemo uwanjani ukanyamaza wote kwa pamoja, na katika ukimya huo, kwa sauti ileile ya Radi, nzuri, tulivu, mtu akauliza, "Nani huyo kwenye kibanda chetu?", na mkewe, ambaye hakuwa amevaa chochote masikioni, akalisikia swali hilo kwenye shingo yake, karibu kabisa, pamoja na pumzi ya baridi yenye harufu ya majani, na alipotaka kusimama akakuta mdomo wake umejaa udongo.

Aliutema chooni, akilia. Fundi wa sauti alimfuata huko na chupa ya maji.

"Dada, mimi nimelisikia hilo swali ndani ya gari," alimnong'oneza. "Nina shangazi yangu anayatibu haya mambo. Twendeni leo hii, kabla halijawa kubwa."

Shangazi alikuwa muuguzi mstaafu, mwanamke mkavu asiye na televisheni nyumbani. Hakuuliza jina wala nyota. Aliuliza Radi alisema nini uwanjani siku ya kwanza. Fundi ndiye aliyejibu, maana aliyasikia yote.

"Basi jini hakukuvamia, mwanangu," shangazi alisema. "Ulimwita, ukampa haki pekee. Wivu wa binadamu una aibu kidogo ndani yake. Wa jini hauna. Ulichokitoa kwa mdomo utakirudisha kwa mdomo, palepale, kwenye kipaza sauti kilekile. Utasema: Sina haki na mechi hii, wala haina haki na mimi. Ukishasema, usitangaze tena mechi yoyote maisha yako, hata ya watoto mtaani. Ukitangaza, anarudi."

Radi alitikisa kichwa kukataa. Mkewe alimshika kidevu, akamgeuza amtazame.

"Binti anakuuliza kila siku umemnunia kwa nini," alisema. "Chagua."

Walienda uwanjani asubuhi, wanne. Radi aliketi, akatangaza mwanzo wa mechi ya kubuni ili sauti itoke, kisha katikati ya pasi akayasema yale maneno. Wavu ulitikisika kama unaong'olewa. Umati ulizomea masikioni mwake, ukazomea, ukafifia. Harufu ilikata.

"Mke wangu," Radi alisema, kwa sauti ya kawaida yenye mafua.

Akalia. Mkewe alidhani ni furaha, na kweli nusu ilikuwa furaha.

Kwenye televisheni yake walimpa kazi ya kupanga matangazo ya biashara. Nyumbani alisimulia hadithi mpaka wakamchoka, na binti akawa anamziba mdomo kwa mkono wakicheka. Yalikuwa maisha mazuri. Radi mwenyewe alilijua hilo.

Kisha Jumamosi moja alasiri walikuwa wamewasha ligi kuu, Kasuku akitangaza, na Radi akasimama ghafla. Sauti ya Kasuku ilikuwa imebadilika. Ilikuwa nzito, inabubujika, na chini yake kulikuwa na pumzi ya umati ambao Radi aliujua. Wakati huohuo simu ya mkewe iliita. Alikuwa mke wa Kasuku.

"Shoga, samahani nakusumbua," alisema kwa sauti ya kujificha. "Mume wangu haongei nyumbani. Nimesikia mwenzio yalimkuta. Niambieni tu pa kwenda."

Mkewe aliziba simu kwa kiganja. "Ni yuleyule, amehamia kwao. Mwambie yale maneno."

Radi aliichukua simu. Kwenye televisheni Kasuku aliita goli, na uwanja mzima ukasimama.

"Uchovu tu huo, shemeji," Radi alisema. "Kazi ina presha. Mpe maji ya uvuguvugu na chumvi."

Akakata. Mkewe aliichukua simu yake.

"Umemdanganya."

"Amezoea kunyang'anya vya watu. Na yeye aonje."

Mkewe alijaribu kumpigia yule mwanamke. Simu yake haikuwa na salio, akamshika binti mkono wakatoka kwenda kununua vocha ampigie mwenyewe.

Radi alibaki peke yake. Haikuwa kweli kwamba alitaka Kasuku aonje. Ukweli ni kwamba alimwonea wivu kwa yule jini, wivu wa mtu anayemwona mke aliyemwacha akipita na mwingine. Sauti ile ilikuwa yake. Alichukua rimoti akazima sauti ya televisheni, picha ikabaki, wachezaji wakikimbia kimya. Akaanza kutangaza kwa kunong'ona, kujaribu tu. Kisha akapandisha. Kisha akasema, "Mechi hii ni yangu. Mimi ni wa mechi hii peke yake, sina mwingine."

Mkewe alikuwa karibu na mlango, hajakwangua vocha, simu ilipoita tena.

"Shoga, ameongea," mke wa Kasuku alisema, akilia na kucheka. "Amenipigia kutoka uwanjani sasa hivi, wakati wa mapumziko. Ameniita jina langu. Mungu mkubwa."

 Mke wa Radi alisukuma mlango. Radi alikuwa amesimama katikati ya sebule, na vitambaa vyote pale chini vilikuwa vimelowa umande.

"Umefanya nini?" aliuliza polepole.

Radi alifungua mdomo amjibu. Hakikutoka kitu. Nyuma yake timu zilikuwa zinaingia kwa kipindi cha pili, akaigeukia televisheni, na hapo sauti ikaja, nzuri kuliko zote alizowahi kuwa nazo. "Karibuni tena, wapenzi watazamaji," alisema, na mlango ukarudi taratibu usoni mwa mkewe na binti yake, komeo likaingia kwa ndani.