Gitaa la Daraja la Pili

Majirani zangu, na ninyi mnaonisoma bila kunifahamu, nyumba ninayotaka kuwaeleza habari zake haiko mbali. Ni yangu. Ningependa kusema kwamba ni ya mtu fulani, rafiki wa rafiki, kama tunavyofanya wengi wetu tukiwa na jambo la aibu. Nimejaribu hivyo mara mbili, na mara zote mbili uso ulinishuka kabla sijafika katikati. Basi nitaisema kama ilivyo.

Mimi ni fundi wa vanishi. Napiga msasa na kung'arisha viti, meza na makabati katika karakana ya fanicha. Mke wangu anapiga pasi kwa dobi. Tuna mtoto mmoja, binti, ambaye tangu ajue kusema tulimwita Chiriku kwa sababu ya mdomo wake. Alizaliwa na mguu wa kulia mfupi kuliko wa kushoto, kwa hiyo kiatu chake kimoja kina soli nene, na anatembea kwa kuchechemea. Kwake hilo halikuwa jambo. Akiwa na miaka minane alimwambia mtu mzima aliyekuwa akimkodolea macho, "Ukimaliza kuutazama huu, kuna na mwingine."

Jumamosi moja alasiri tulikuwa wote kibarazani. Mimi nasugua miguu ya kigoda, mama yake anashona vifungo vya mashati ya wateja, na Chiriku, wakati huo ana miaka kumi na minne, ameketi kwenye ngazi na gitaa la shule. Alikuwa akitafuta wimbo. Anakosea, anacheka, anaanza upya. Mama yake akawa anamfuatisha kwa mluzi, na mluzi wenyewe wa kupotea njia, mpaka sote tukashindwa kujizuia kucheka.

Ndipo akaja mwalimu wa muziki. Alisimama pale chini akishika kofia yake kwa mikono miwili.

"Samahani sana, wazazi. Darasa limejaa. Magitaa ya shule hayatatoka tena nje." Alimwangalia Chiriku, kisha mimi. "Lakini mzee, huyu mtoto ana mkono. Asikae bila gitaa. Pale duka la vyombo vya muziki, nyuma ya posta, kuna moja la daraja la pili."

"Daraja la pili ndiyo nini?" mke wangu akauliza.

"Limetoka kiwandani na dosari ya sura tu, mama. Wakaguzi wakiona hata alama ndogo kwenye rangi, wanalipiga muhuri kwa nyuma na linauzwa rahisi. Nimelipiga mwenyewe. Sauti yake haina neno."

Mke wangu alikubali hapo hapo. Mimi nikasema tutaona. Mwaka ule jirani yetu mmoja, msimamizi wa ghala, ambaye mtaa mzima tulimwita Bwana Ghala, alikuwa amemnunulia mwanawe gitaa jipya linalong'aa, na hakuna aliyebaki bila kuambiwa. Nikawaza, yule akisikia langu lina muhuri wa kukataliwa, nitapita wapi?

"Watu watasema nini?" nilimwambia binti yangu.

"Baba, mimi sitalivaa," akajibu. "Nitalipiga."

Jumanne baada ya kazi nikaenda naye. Muuzaji alikuwa mwanamke wa makamo mwenye miwani iliyoning'inia kifuani. Alilitungua gitaa ukutani na kutuonyesha doa lenyewe, chini ya tundu la sauti, kiasi cha ukucha wa kidole gumba, jeupe kidogo kama pumzi kwenye kioo. Nikalipitishia kidole. Ndugu msomaji, mimi nilijua kuliko mtu yeyote pale dukani kwamba doa lile si kitu. Vanishi ilipata unyevu kabla haijakauka, basi. Mbao yenyewe ilikuwa nzima. Ni viti vingapi nimewahi kuvitoa karakanani vikiwa na nyufa nilizoziba kwa gundi na vumbi la mbao, nikaving'arisha, na wateja wakanishika mkono kwa kunisifu?

Chiriku akakaa kwenye stuli akapiga. Muuzaji aliacha kuandika.

"Baba, sikiliza huku chini," Chiriku alisema, akaigonga ile kamba nene. "Umesikia? La shule halifanyi hivi!"

Nilisikia. Mungu ni shahidi wangu, mkono wangu ulikuwa tayari mfukoni.

Mlango ukafunguliwa, akaingia Bwana Ghala kununua kamba za gitaa la mwanawe. "Ee, fundi! Na wewe umo?" Akalitazama gitaa, Chiriku akiwa ameshanyanyuka, na akauona ule muhuri nyuma ya shingo ya gitaa. "Daraja la pili? Kumbe siku hizi unamnunulia mtoto marijekti ya kiwandani?"

Wateja wawili wakageuka. Niliutoa mkono mfukoni, mtupu.

"Nani, mimi? Thubutu!" nikasema, nikicheka. "Kitu chenye kasoro ninacho kimoja nyumbani, kinanitosha."

Bwana Ghala alicheka mpaka akashika meza. Mimi pia nilicheka. Muuzaji hakucheka. Alikuwa akitazama nyuma ya bega langu. Nilipogeuka, nilimkuta Chiriku hatua mbili tu kutoka kwangu, amejinyoosha juu ya ile soli nene, analirudisha gitaa kwenye msumari wake. Alilitundika polepole ili lisigonge ukuta.

"Twende, baba," alisema.

Njiani alitembea nyuma yangu. Nilipopunguza mwendo, naye alipunguza. Nilimwambia tutapata zuri zaidi. "Sawa, baba." Nikamwambia lile lingeharibika upesi. "Sawa, baba." Nikajipa moyo kwamba hakusikia. Mtu akitaka kujidanganya, masikio ya mwingine huyafanya mazito apendavyo.

Tangu siku ile nyumba ilibadilika, na mimi nikajifanya sioni. Chiriku aliacha kwenda darasa la muziki. Wageni wakija, alijifungia chumbani mpaka waondoke. Akitumwa dukani, alizunguka njia ya nyuma, ile ndefu yenye mawe, ambako watu hawakai nje. Mama yake alipomuuliza kulikoni, alisema ana masomo mengi.

Mimi nikapata dawa yangu. Mwisho wa mwezi nilikwenda duka jingine, nikanunua gitaa jipya kabisa, jekundu, linalong'aa hata unajiona uso. Nililibeba mtaani bila mfuko. Nilipita makusudi mbele ya nyumba ya Bwana Ghala.

"Asante, baba," Chiriku alisema. Akaliegemeza ukutani, pembeni ya kabati. Wiki tatu lilikaa hapo. Mke wangu alilipangusa vumbi kila alipofagia.

Kisha akaja dada yangu mkubwa kututembelea. Ni mkunga katika mji mwingine, na Chiriku alimpenda shangazi yake huyo kupita kiasi. Tulikula pamoja mchana wa Jumapili. Tulipomaliza, dada aliliona gitaa.

"Hebu tupigie kidogo, mwanangu. Nimechoka na safari."

Chiriku alikuwa anafuta meza. "Lile ni la daraja la kwanza, shangazi. Kitu chenye kasoro hakifai kulishika."

Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayekwambia duka limefungwa.

"Nani kakwambia upuuzi huo?" mama yake akauliza.

"Nimesikia dukani."

"Kwa nani?"

Chiriku aliendelea kufuta pale pale palipokwisha kuwa safi. Alitazama dirisha, akatazama mlango, akatazama sahani. Alitazama kila kitu chumbani isipokuwa mimi, na hilo ndilo lililonichongea.

"Baba Chiriku?" mke wangu akaniita.

Ndugu zangu, mngedhani hapo ndipo niliposema kweli. Sikusema. "Mimi? Labda alisikia vibaya," nikajibu. "Watu huongea mengi madukani."

"Basi nilisikia vibaya," Chiriku alisema kwa adabu, akakusanya sahani, akatoka nazo.

Neno la kwanza lilinitoka kwa woga wa Bwana Ghala. Hili la pili nililisema nikiwa nimekaa kwenye kiti changu mwenyewe, hakuna wa kunicheka, nikamfanya mwanangu mwongo mbele ya mama yake na shangazi yake.

"Mdogo wangu," dada akasema. "Nitazame."

Sikuweza. Nikaitazama meza niliyoitengeneza kwa mikono yangu, nikawaeleza yote, hata kile kicheko.

Mke wangu hakupaza sauti. Alisimama, akajifunga upya khanga yake. "Miaka kumi na minne nimewazuia watu wa nje wasimwambie mwanangu neno hilo," alisema. "Nililinda mlango. Kumbe lilikuwa ndani, linakula nasi."

Chiriku aliporudi aliomba jambo moja, kwenda kukaa kwa shangazi yake.

"Kwa siku ngapi?" nikauliza.

"Kusoma, baba."

Muhula ulipoisha akaondoka. Mke wangu akabaki akiongea nami mambo ya chumvi na ya ufunguo tu. Nilikwenda dukani nyuma ya posta. Yule mama muuzaji alivaa miwani, akanitambua, akaniambia kabla sijauliza kwamba gitaa lilinunuliwa wiki ile ile.

Nikaenda na ghalani, saa ya mapumziko, wapakiaji wakiwa wamekaa juu ya magunia wanakula. Niliona kwamba neno nililolisema mbele za watu haliwezi kufutwa kwa siri. Nikamwambia Bwana Ghala, wote wakisikia, "Siku ile dukani, ile kasoro niliyoisema ni binti yangu. Alikuwa nyuma yangu. Alisikia."

"Ah, fundi. Si ulikuwa utani?"

"Haukuwa utani. Niliona haya kuonekana na kitu cha bei rahisi, nikamtoa mwanangu kafara ili nijiokoe."

Alitazama viatu vyake. "Na mimi nilicheka," alisema. Mpakiaji mmoja alikohoa. Wengine wakaendelea kula, nami nikaondoka na aibu yangu, haikupungua hata kidogo.

Miezi miwili baadaye nilisafiri. Nilifika kwa dada alasiri, na nikiwa bado getini nilisikia gitaa. Dada alikuwa amemwazimia la mkunga mwenzake. Chiriku alipiga vizuri kuliko nilivyowahi kumsikia. Nilisimama mpaka wimbo ukaisha, ndipo nikabisha hodi. Ndani nikasikia zipu ya mfuko wa gitaa ikifungwa.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu."

Aliniletea maji kwa mikono miwili, akakaa mwisho wa benchi. Nilimwomba msamaha. Kwa lile la dukani, na kwa lile la mezani. Sikumtaja Bwana Ghala wala woga wangu. Nilisema tu, "Nilikutukana, kisha nikakusingizia uongo. Nimekosa."

Akaniuliza, "Baba, siku ile ulicheka. Ulicheka kweli, au ulijilazimisha?"

Jibu rahisi lilikuwa mdomoni, limeshaiva. Nikalimeza.

"Nilicheka kweli."

Macho yake yalijaa maji, lakini sauti haikutetemeka. "Asante kwa kutonificha. Nimekusamehe, baba. Lakini kurudi, bado. Na lile gitaa jekundu usiniletee."

Alinisindikiza hadi getini, tukaagana vizuri. Nilipopinda kona nilisimama, nikatega sikio. Basi la kwanza likapita, na la pili. Hakupiga. Nadhani alijua kwamba bado nipo.

Funzo la kisa hiki

Wazazi wenzangu, kabla hujakataa kitu kwa ajili ya doa lake, jiulize unamkinga nani. Mimi nilidai namtafutia mwanangu kilicho bora, kumbe nilikuwa najitafutia mimi uso wa kutembea nao mtaani. Gitaa la daraja la pili lingempigia nyimbo miaka mingi. Mtu anayeona haya kwa doa la vanishi hataishia kwenye vanishi. Ataanza kuwapima na watu wa nyumba yake kwa jicho la jirani, na siku moja ataropoka.

Tuuchunge na mzaha wetu. Hadhira inacheka mara moja na kwenda zake, lakini aliyesemwa anarudi nalo neno nyumbani, analala nalo, anatembea nalo njia ya nyuma yenye mawe.

Na kama umekwisha kusema, usikane. Kiri siku hiyo hiyo, kabla hujavua viatu. Msamaha nimeupata, lakini mtoto sijampata, na hivi vitu viwili nilidhani ni kimoja. Nimeona haya kuwaandikia haya yote. Nimeandika hivyo hivyo, kwa sababu najua katika ninyi kuna ambaye leo jioni atasimama dukani na mwanawe, mkono ukiwa mfukoni, na mtu wanayefahamiana naye akiingia mlangoni.