Saa Moja ya Kompyuta

Noela wa darasa la sita alikuwa akibaki shuleni kila jioni wenzake wakishaondoka, akaenda moja kwa moja kwenye kompyuta ya ofisini. Ilikuwa kuukuu, haizimwi usiku wala mchana, na haikuwa na picha za kubofya. Ni maandishi meupe kwenye kioo cheusi, basi. Mwalimu Gaudiosus alikuwa amemfundisha programu ya ratiba iitwayo cron: unaandika dakika, saa na siku, kisha kazi unayotaka, nayo mashine huifanya yenyewe kila wakati huo ukifika.

Jumatatu Noela aliiagiza ipige king'ora kila siku saa moja asubuhi, ili wanafunzi wa zamu wamwagilie miche ya kahawa. Miche ilikuwa mia mbili, kila mwanafunzi wa darasa lao apeleke kwao mitano. Kisha Mwalimu Gaudiosus akaenda semina mjini Kayanga.

Aliporudi Ijumaa, alikuta miche yote imelegea.

"Kiongozi wa zamu ni Ainebyona!" Noela alifoka. "King'ora kinalia, yeye anacheza mpira!"

"Hakijalia hata siku moja!" Ainebyona alijibu. "Waulize wenzangu."

"Mashine haisahau. Watu ndio wanaosahau!"

Mwalimu Mkuu, Mwalimu Agnetha, alikata shauri palepale. Ainebyona afyeke nyasi mpaka mchana, na kompyuta ifungiwe stoo, kwani miche ilimea vizuri kabla haijaletwa.

Noela alibeba ndoo kwa hasira aende kuteka maji ya miche. Kisimani alimkuta Mzee Elpidius, mlinzi wa shule.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mjukuu wangu. Hebu mwambie mwalimu wako, lile lidude lenu litaniua kwa presha. Wiki nzima linapiga kelele saa saba usiku!"

Noela aliiacha ndoo akakimbilia ofisini. Akafungua ratiba. Mahali pa saa alikuwa ameandika 1. Kwa watu wa Rugu, kijijini kwao, saa moja ni jua limechomoza na uji umenywewa, lakini kompyuta huhesabu saa kuanzia usiku wa manane. Moja yake ni saa saba ya usiku. Saa moja asubuhi ilitakiwa iandikwe 7.

Angefuta na kuandika upya, nani angejua? Lakini dirishani alimwona Ainebyona akifyeka peke yake, shati limelowa jasho. Noela aliona aibu mpaka machozi yakamlengalenga.

Mchana, mstarini, alitoka mbele bila kuitwa.

"Kosa ni langu! Niliandika saa vibaya, nikamsingizia mwenzangu. Ainebyona, nisamehe. Lakini kompyuta haina kosa, isifungiwe stoo!"

"Unanipinga, Noela?" aliuliza Mwalimu Agnetha.

"Ndiyo, mwalimu. Nipe adhabu yoyote, hata ya mwezi mzima. Kwa hilo la stoo, ninapinga."

Mwalimu Agnetha alimwonyesha kitalu cha miche kwa kidole.

"Haya. Kompyuta ibaki. Utamwagilia wewe mpaka miche isimame."

Ilichukua siku tisa. Miche kumi na mmoja ilikufa, mingine ikachipua. Siku ya mwisho Mwalimu Gaudiosus alimkuta Noela kitaluni, Ainebyona akimsaidia ingawa hakuagizwa.

"Mashine hufanya ulichoiandikia, si ulichokusudia," alisema. "Kwa hiyo kagua kazi yako kwanza, ndipo umnyooshee mwenzako kidole. Na ukikosea, ubishi wako wote uutumie kusema kweli, kama ulivyofanya siku ile."